Kati ya "Mzima" na "Maji"

Mnunuzi alimgeuza kaa chali, akambonyeza kwa kidole gumba upande wa chini wa gamba, karibu na mguu wa mwisho, akasema neno moja.

"Maji."

Kaa akaingia tenga la kushoto. Tenga la kulia ni la wazima, yaani waliojaa nyama, na bei yake ndiyo bei. La kushoto ni la wa maji, ambao gamba lao halijajaa nyama, na bei yake ni nusu, na siku nyingine haifiki nusu. Asubuhi ile pale kwenye gati la Nyamisati, delta ya Rufiji, Shangazi alikuwa na kaa tisa, wamefungwa magando kwa kamba, wamelazwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Wanne walikwenda kushoto. Watatu akawaacha waende. Wa nne akamshika mguu, akamrudisha kwenye gunia lake bila kusema kitu.

Mnunuzi hakubisha. Alishageukia gunia la mtu mwingine.

Jioni tulimpika yule kaa. Shangazi alimpasua mwenyewe, kwa mpini wa kisu, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Gando la kulia lilikuwa na nyama mpaka kwenye kiungo. La kushoto lilijaa kiasi, pembeni nyama imeachana na ganda. Mwilini, vile vyumba vidogo vya kifuani, nusu vilikuwa na nyama na nusu vimelegea.

"Sasa huyu ni nani?" nikamuuliza.

Akamtazama sana.

"Maji siye," akasema. "Na mzima siye."

Wiki sita zimepita na sentensi hiyo bado haijaniachia.

Shahidi anayekufa akiulizwa

Kaa koko, huyu wetu wa mikoko, anauzwa kwa uhai wake. Akifika Dar es Salaam amekufa, safari yake imeishia hapo. Nyama yake huharibika upesi, na mteja wa China anayelipa vizuri anamtaka angali anachezesha miguu. Mwanzoni mwa 2020, safari za ndege za kwenda China ziliposimama kwa ajili ya korona, tulikumbushwa jambo hilo kwa ukali: korosho utaiweka ghalani ukingoje soko, kaa hai huwezi.

Ndiyo maana ubishi wa gatini hauamuliki. Shangazi akisema mzima na mnunuzi akisema maji, ushahidi umo ndani ya gamba, na ukishalipasua hapana tena kitu cha kuuza. Mwuzaji hawezi kuthibitisha haki yake bila kuipoteza. Basi anayeshinda ni yule mwenye kusubiri, na mwenye kaa hawezi kusubiri. Jua linapanda, gunia linakauka, mtumbwi wa kurudi unategemea maji.

Nilianza na hasira, sitaficha. Nilijua kwamba kaa wa nusu bei wana soko la pili. Ukiwatia kwenye vizimba, ukawalisha matumbo ya samaki na konokono wa mikoko kwa wiki tatu au nne, wanatoka wazima. Shangazi na wenzake wanayo kazi hiyohiyo ya kunenepesha, vizimba vyao vimepangwa kwenye hori nyuma ya kijiji. Nikajiuliza: kama "maji" ni bidhaa ya kununua kwa nusu na kuuza kwa bei kamili mwezi ujao, kidole gumba cha mnunuzi kina faida gani ya kusema kweli?

Safari iliyofuata nilimwuliza, kwa adabu. Ni kijana, umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Hakukasirika.

"Kaka, na mimi nikifika Dar wananibonyezea. Wakisema maji, mimi sina hata kizimba. Naondoka na hasara yangu."

Sikuwa na jibu. Niliporudi kwenye mtumbwi hasira yangu ilikuwa imepungua nusu, na swali limekua.

Nyumba kubwa, vyombo vichache

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba kaa hujivua gamba. Lakini mimi niliyelelewa kando ya mikoko sikuwahi kukaa nikafikiri maana yake kwa mnunuzi.

Gamba halitanuki. Kaa anayetaka kukua hulitengeneza jipya chini ya lile la zamani, laini, limejikunja. Siku za mwisho anaacha kula. Nyama ya magando inapungua, kwa sababu gando zima, na unene wake wote, lazima lichomolewe kupitia kiungo chembamba mno. Akishatoka, anakunywa maji, anavimba, na gamba jipya linatanuka kufuata uvimbe ule kabla halijakauka. Baada ya siku kadhaa linakuwa gumu. Ndani yake mna nyama ya kaa wa jana, na nafasi iliyobaki imejaa maji.

Amehamia nyumba kubwa na vyombo vya chumba kimoja.

Kwa hiyo neno la mnunuzi si uongo. Kaa wa maji yupo. Ila anajaza nyumba yake siku kwa siku, kwa wiki nyingi, na hakuna asubuhi moja ambapo anaacha kuwa maji akawa mzima. Anapita katikati kwa muda mrefu. Yule wa jioni ile alikuwa njiani.

Na hapa pana jambo linalowakosesha wengi. Kaa mzuri wa kutazama, gamba safi linang'aa, meno ya gando makali kama ya msumeno mpya, tumbo jeupe, huyo ndiye mtupu, maana uzuri wake ni wa juzi. Yule aliyechakaa, meno ya gando yamelika, tumbo limeingia kutu ya matope, mgongoni ameotwa na vile vikombe vidogo vya chokaa vinavyoganda kwenye mashua, huyo amekaa ndani ya gamba lake muda mrefu na amekula vya kutosha. Shangazi analijua hili tangu utoto. Mimi nililipata kwenye kusoma, nikamweleza kwa furaha nyingi, akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake.

"Ndiyo, mwanangu. Lakini yule mchafu sana naye anakaribia kujivua. Huyo naye usimwamini."

Mzani haukunisaidia

Nilidhani mzani na rula vingetosha. Kaa mzima ni mzito kuliko mtupu wa upana uleule, si ndivyo tunavyohisi mkononi? Nikanunua mzani mdogo wa jikoni, nikaanza daftari: upana wa gamba, uzito, dume au jike.

Wiki ya pili nililiacha. Dume mwenye magando makubwa anauvuruga mzani. Aliyepoteza gando na kuota dogo anauvuruga upya. Aliyetoka kwenye tope akiwa na maji matamvuani ni mzito kuliko yuleyule baada ya saa mbili juani. Na kubwa kuliko yote, ambalo nilipaswa kulijua kabla sijatoa pesa: maji nayo yana uzito. Kaa aliyejaa maji hakai hewani kama puto, maji yale yanakaribia kabisa uzito wa nyama. Mkono wa Shangazi unahisi kitu kingine zaidi ya uzito, labda namna kaa anavyokaza miguu, labda ugumu wa gamba lenyewe. Nimemwuliza mara tatu. Anasema, "Nahisi tu."

Tochi ilifanya vizuri zaidi, kwa sehemu.

Wafugaji wa kuku wanajua kumulika yai usiku kuona kama lina kifaranga. Wauzaji wa kaa huko Asia hufanya vivyo hivyo kwa kaa jike: wanamwinua mbele ya taa kali na kutazama ukingo wa gamba. Mahali penye mayai yaliyokomaa mwanga haupiti, pako giza. Mahali pasipo kitu panang'aa. Tulijaribu usiku mmoja kwa tochi ya simu, taa nyingine zote zimezimwa, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Jike wa kwanza alikuwa na mwanga ukingoni mwote, kama dirisha lenye pazia jepesi. Wa pili alikuwa na giza mpaka kwenye miiba ya pembeni. Shangazi alimshika yule wa pili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Arobaini ya miaka," akasema, "sijawahi kumwona hivi."

Lakini tochi inasoma mayai. Nyama haiionyeshi, na gamba la dume mkubwa ni nene na jeusi, mwanga unaishia hapohapo. Na kaa wengi wa Shangazi ni madume.

Tone la buluu

Hapa ndipo nilipokosea, au karibu nikosee.

Damu ya kaa si nyekundu. Kinachobeba oksijeni ndani yake ni hemosianini, yenye shaba badala ya chuma, na ikikutana na hewa inapata rangi ya buluu hafifu. Kinachonihusu ni kwamba damu hiyo inabeba protini nyingi kaa anapokula na kujaa, na inakuwa nyepesi anapotoka kujivua, akiwa amejaza maji mwilini. Wafanyakazi wa kambakochi Kanada na Australia wanalitumia jambo hili: tone moja kutoka kwenye kiungo cha mguu, linawekwa kwenye kioo cha refraktomita, kile kifaa cha mkononi kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye kimiminika. Unakielekeza kwenye jua, unachungulia, unasoma namba. Hakihitaji betri.

Rafiki yangu anakitumia kazini kwake kupima utamu wa juisi ya miwa. Kifaa ni kilekile, kipimo kilekile cha utamu kiitwacho Briksi. Akaniazima.

Tulichukua kaa wawili ambao Shangazi mwenyewe hakuwa na shaka nao, mmoja mtupu na mmoja aliyejaa. Sindano nyembamba, ngozi laini ya kiungo cha mguu wa mwisho. Tone la kwanza liliganda kabla sijafunga kioo, maana damu yao huganda upesi. La pili likakaa. Mpaka wa kivuli unaoonyesha namba ndani ya kifaa ulisimama chini kwa yule mtupu, na kwa yule aliyejaa ukapanda juu sana, hata jicho langu lisilozoea liliuona. Niliruka. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na namba ambayo watu wawili wangeweza kuchungulia kwa zamu na kuona kitu kimoja, bila kupasua.

Shangazi hakuwa anatazama kifaa. Alikuwa anautazama mguu wa kaa.

"Umemtoboa."

"Kidogo tu, Shangazi. Inaganda."

"Mnunuzi akiona tone hapa atasema anavuja. Atasema atakufa njiani. Na akifa njiani kwa jambo lingine lolote, itakuwa ni sindano yako."

Vitabuni njia hii inahesabiwa kuwa haimwui mnyama, na ni kweli, kaa wetu wawili waliendelea kuishi kizimbani. Lakini kwenye gati "kutomharibu" kuna maana nyingine: asibakiwe na alama yoyote ambayo mnunuzi ataigeuza kuwa sababu. Jeraha la sindano ni dogo kwa kaa na kubwa kwa bei. Nilikuwa nimeshughulika na ukweli wa kipimo, nikasahau nani ataubeba ukweli huo mpaka Nyamisati.

Nilirudisha kifaa wiki ile.

Wenzetu wanasomaje

Norwei watafiti wamefika mbali kuliko hapo. Wanammulika kaa angali hai kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambao maji na protini vinaunyonya kwa namna tofauti. Kwa kuusoma mwanga uliopita ndani na kurudi, mashine inakadiria nyama iliyomo, kaa hajaguswa hata unyoya. Naipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Pia naijua bei ya vitu vya namna hiyo, na najua kwamba kifaa kama hicho kikifika delta ya Rufiji leo kitakuwa mkononi mwa mnunuzi, na Shangazi ataambiwa "maji" na mashine badala ya kidole.

Kilichonishtua zaidi ni Australia. Huko kaskazini kaa wao ni huyuhuyu wetu, *Scylla serrata*. Kule Northern Territory kaa ambaye hajajaa hatakiwi hata kuchukuliwa kuuzwa, anarudishwa majini. Na wafanyabiashara wao wa kaa hai wana daraja za kukubaliana, A, B na C. Nilitarajia kusoma habari za mitambo. Kipimo chao ni kidole gumba. Gamba likibonyezwa lisipotikisika ni A, likinepa kidogo ni B, likinepa wazi ni C.

Kidole kilekile! Tofauti ni kwamba kule kidole kina maneno matatu, na muuzaji anayajua sawa na mnunuzi.

Halafu nikakutana na wavuvi wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambao wanamtaka kaa wao wa buluu karibu na kujivua ili wamuuze akiwa laini. Wanatazama ukingo wa mguu wa nyuma, ule bapa kama kasia. Mstari mweupe, amebakiza kama wiki mbili. Wa pinki, kama wiki moja. Mwekundu, siku chache tu. Hawana kifaa chochote. Wana jina kwa kila hatua, na kila mtu gatini analitumia jina hilo kwa maana moja.

Nazi

Jibu lilikuja jikoni, na si mimi niliyelitoa.

Shangazi alikuwa anachagua nazi. Anaishika, anaitikisa karibu na sikio, anaigonga kwa kucha, anaiweka pembeni. Nyingine anairudisha. "Hii bado koroma." Nikabaki nimesimama na ndoo mkononi.

Kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Tunda moja, na kila hatua ya ndani yake ina neno, na hakuna anayelipasua ili alijue. Hata mtoto ukimtuma nazi akaleta koroma, anarudishwa, na muuzaji anabadilisha bila ugomvi, kwa sababu koroma ni koroma kwa wote wawili. Nani amewahi kumwambia mwenzake dukani "hii nazi ni maji"?

Nikamwambia. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaweka nazi chini.

"Yule wa siku ile," akasema, "alikuwa koroma."

Wenzake wa kwenye vizimba walilidaka neno kama walikuwa wanalisubiri. Ndani ya wiki moja walikuwa wanabishana nani anabonyeza kwa nguvu mno. Wakakubaliana sehemu ya kubonyeza, upande upi, na kwamba unabonyeza pande zote mbili kwa sababu kaa anaweza kulegea upande mmoja. Dafu: gamba linaingia ndani na kurudi. Koroma: linatikisika ukilitafuta. Nazi: unabonyeza jiwe. Dafu hapelekwi Nyamisati tena, anaingia kizimbani moja kwa moja. Hilo peke yake limebadilisha mambo, kwa sababu safari zote zilizopita walikuwa wanambeba dafu kwa mtumbwi, kwa nauli, kumpa mtu mwingine faida ya kumnenepesha.

Shaka ninazo. Mama mmoja ana kidole kigumu cha kulima, kila kaa kwake ni dafu. Neno la kijiji kimoja halina nguvu gatini mpaka mwenye fedha alikubali. Na bado naiwaza ile refraktomita, si kwa kuuzia bali kwa kufundishia vidole: mtu abonyeze, aseme neno lake, kisha kaa wa kizimbani, ambaye hasafiri wiki hiyo, atolewe tone tuone kama kidole kilisema kweli. Nimemweleza Shangazi. Amesema atafikiri, na namna alivyolisema inanipa tumaini.

Kamba nyekundu

Jumamosi iliyopita nilirudi naye Nyamisati. Kaa kumi na mmoja. Alipofika kwa yule kijana hakungoja. Alimgeuza kaa wa kwanza yeye mwenyewe, akambonyeza mbele yake pande zote mbili.

"Nazi," akasema.

Kijana akamtazama, akabonyeza, akaweka kulia. Alikuwa hajaelewa bado, au alikuwa anaelewa. Walikwenda hivyo mpaka wa saba.

"Huyu koroma, mwanangu. Sikuombi bei ya nazi. Sikupi kwa bei ya dafu."

"Mama, huyu ni maji."

"Bonyeza tena. Upande wa pili."

Akabonyeza. Akakaa kimya kidogo. Akasema bado anaona ni maji, ila anaweza kumwongezea kidogo. Shangazi akakataa, bila kupandisha sauti. Watu wawili watatu walikuwa wamesogea. Mwisho wakaafikiana jambo ambalo sikulitegemea: kaa yule arudi kizimbani, afungwe kamba nyekundu gandoni, na baada ya wiki mbili kijana mwenyewe, akija kijijini kuchukua mzigo, ambonyeze tena. Akikuta amekuwa nazi, alikuwa koroma. Akikuta bado ananepa, alikuwa dafu na Shangazi alimdai isivyo haki.

Kamba ilitoka kwenye mfuko wa kitunguu. Shangazi aliifunga mara mbili.

Nilipoondoka jana asubuhi maji yalikuwa yamekupwa na vizimba vimebaki wazi nusu. Yule kaa alikuwa pembeni, matamvua yanatoa povu, gando lenye kamba limekunjwa kifuani. Shangazi alimtupia utumbo wa kibua. Alingoja mpaka alipouvuta, ndipo akapita kwenye kizimba cha pili.